Gari la Mwalimu Foibe na Mheshimiwa Waziri

Naandika haya kwa nia njema, kwa kuwa katika Jamhuri ya Taratibu nia nyingine yoyote huhitaji kibali, na foleni ya vibali ni ndefu. Sina malalamiko. Naeleza tu yaliyompata jirani yangu, Mwalimu Foibe Kisanji, aliponunua gari, ili wananchi wengine wenye tamaa kama hiyo wajue jinsi serikali yetu inavyowajali wenye magari. Huwafuata kilomita kwa kilomita, haiwaachi, mpaka siku watakapokuwa hawana gari tena.

Mwalimu Foibe alifundisha jiografia miaka thelathini na minne katika shule yenye ramani moja, tena ya nchi nyingine. Mwaka aliostaafu, figo za mumewe, Mzee Nikodemo, zilikataa kazi. Mzee huyu alikuwa fundi cherehani, mtu mwembamba, mwenye maneno machache na makavu. Daktari alisema lazima aunganishwe na mashine ya kusafisha damu mara tatu kwa wiki, saa tatu asubuhi, katika Hospitali Kuu ya mjini, kilomita thelathini kutoka mtaani kwetu. Mashine zilikuwa nne, na mojawapo ilifanya kazi. Mgonjwa aliyechelewa kwa saa nzima, nafasi yake ilipewa mwingine. Basi la kwanza kutoka kwetu liliondoka saa nne.

Foibe akapiga hesabu, akachukua kiinua mgongo chake chote, akaagiza gari dogo la kijivu kutoka ng'ambo. Gari lilikuwa na umri wa miaka kumi na minane.

Bandarini alimkuta ofisa mmoja kijana, mpole sana.

"Shikamoo, mama. Kuna Kodi ya Uchakavu, kwa sababu gari lako ni kuukuu. Halafu kuna Kodi ya Upya, kwa sababu ni jipya hapa nchini."

"Sasa, mwanangu, ni kuukuu au ni jipya?"

"Inategemea dirisha, mama. Hapa kwangu ni kuukuu. Jipya ni dirisha namba saba."

Foibe akaenda dirisha namba saba. Alipomaliza, gari lilikuwa limemgharimu mara tatu ya bei yake, na alikuwa bado hajaliwasha.

*

Ukweli usemwe, mwanzoni walifurahi. Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, saa kumi na mbili na nusu, tulimsikia Foibe akipasha injini moto, kisha Mzee Nikodemo akitoka na mto wake mdogo wa kukalia na kofia yake ya kijivu. Alisema ameichagua kofia hiyo ili afanane na gari.

Lakini gari katika nchi yetu halitembei kwa mafuta peke yake, ingawa mafuta nayo yana heshima yake. Bei yake hutangazwa kila mwezi: ikipanda duniani, kwetu hupanda kwa mshikamano, ikishuka duniani, kwetu hubaki pale pale kwa sababu sisi ni nchi huru. Gari hutembea pia kwa stika. Kuna stika ya bima, stika ya barabara, stika ya zimamoto, stika ya ukaguzi wa stika, na stika ya kuegesha mbele ya nyumba yako mwenyewe. Sheria inataka zote zibandikwe kwenye kioo cha mbele, upande wa dereva, ili askari wa trafiki asipate shida ya kuinama.

Ilipofika stika ya kumi na moja, Foibe alikuwa haoni kitu. Kioo kilibaki na upenyo mmoja tu, mkubwa kama sahani, upande wa Mzee Nikodemo. Basi Mzee Nikodemo akawa ndiye anayeona, na Foibe akawa ndiye anayeendesha.

"Mama Tuzo, kushoto kidogo. Kidogo tena. Breki! Kuna punda."

"Punda yuko wapi?"

"Ameshavuka. Sasa anavuka mwenye punda."

Tuzo ni binti yao, anayefanya kazi mbali sana na hutuma salamu.

Siku moja trafiki aliwasimamisha. Alikuwa sajenti mnene mwenye kalamu mbili.

"Mama, unaona mbele kweli?"

"Mume wangu anaona."

"Ana leseni?"

"Ana macho."

Sajenti akaandika kosa la kuziba kioo. Foibe alipolipa faini, akapewa stika ya kuthibitisha kwamba amelipa, na sajenti mwenyewe, kwa moyo wa huduma, akaibandika pale palipobaki wazi. Upenyo ukawa mkubwa kama kisahani cha kikombe cha chai.

Mzee Nikodemo akainamisha kichwa, akachungulia. "Afadhali," akasema. "Nilikuwa naona mengi mno."

*

Ikaja barabara yenyewe. Kati ya kwetu na mjini kulikuwa na mashimo ambayo watu waliyajua kwa majina, na moja lilikuwa na bata. Mwezi wa tatu gari likaanza kugonga chini kama mtu anayebisha hodi. Foibe akalipeleka kwa Fundi Hamduni, mwenye gereji yake pembeni ya soko, mtu mwenye macho ya kuchoka na ulimi usiojua kusema uongo. Ulimi huo ndio uliomfanya abaki maskini.

Hamduni akaingia uvunguni, akagongagonga huku na huku. Alipotoka alikuwa anajifuta mikono.

"Mwalimu, shokapu zimekufa. Bushi zimekufa. Hili linatembea kwa mazoea tu."

"Spea zipo?"

"Dukani ziko za aina tatu. Orijino, orijino yenyewe, na orijino kabisa."

"Tofauti yake?"

"Zote zinatoka katika boksi moja. Ila orijino kabisa muuzaji anakufungia kwenye karatasi."

Walipokuwa wanazungumza, redio ya gereji ilikuwa ikirusha hotuba ya Waziri wa Mwendo na Usimamaji, Mheshimiwa Daktari Makuzi. Siku hiyo alikuwa anajibu wanaolalamikia barabara.

"Ndugu wananchi," alisema, "yale si mashimo! Ni vidhibiti mwendo vya asili! Wenzetu huko nje wanatumia fedha nyingi kujenga matuta yanayokwenda juu. Sisi tumejaliwa matuta yanayokwenda chini! Na yametengenezwa na mvua, bila mkopo wowote! Kuanzia mwezi ujao, wenye magari mtachangia kidogo tu, kwa ajili ya kuyatunza."

Makofi yalipigwa kwa dakika nzima. Hamduni akapunguza sauti ya redio.

"Nitakufungia bushi zilizotumika, Mwalimu. Zitadumu kuliko hizo mpya. Na kazi yangu usinilipe. Ovaroli hii niliyovaa alinishonea Mzee, na mpaka leo haijaachia hata uzi mmoja."

Foibe alitaka kumshukuru, akaona machozi yanamjia, akaangalia pembeni kwenye matairi. Ilikuwa miezi mitatu tangu mtu yeyote amwambie asilipe.

*

Jumatano moja Mheshimiwa Mkuu wa Nchi alikuwa anakwenda kufungua Wiki ya Kufika kwa Wakati. Ili afike kwa wakati, barabara ilifungwa tangu saa moja asubuhi. Magari yote yaliamriwa kusimama yakiwa yamewashwa, kuonyesha utayari.

Foibe na mumewe walikuwa katikati ya foleni hiyo. Saa mbili ikapita, saa tatu ikapita. Saa tatu na nusu rejeta ikachemsha, mvuke ukatoka kwenye boneti, injini ikatetemeka mara moja na kunyamaza. Msafara ulipita saa tano. Mzee Nikodemo aliyahesabu magari kupitia upenyo wake: yalikuwa sabini na mawili, na mengi yalikuwa na mtu mmoja ndani.

Foleni ikaondoka, wao wakabaki. Yule sajenti mwenye kalamu mbili akaja anatembea polepole.

"Mama, gari likisimama barabarani bila kibali linakamatwa."

"Lakini ninyi ndio mliolisimamisha!"

"Lile lilikuwa simamo la serikali. Hili sasa ni lako binafsi."

Gari likavutwa kupelekwa Yadi ya Taifa ya Magari Yaliyokosea. Mzee Nikodemo alipakiwa kwenye pikapu ya nyanya, akakaa juu ya mto wake kati ya matenga, na alifika hospitali saa saba. Nafasi yake ilikuwa imeshapewa mtu mwingine. Muuguzi alimtazama, akatazama mashine, akasema, "Pole, baba. Jaribu Ijumaa."

*

Mkuu wa Yadi aliitwa Bwana Kilimba. Ningependa kumsema vibaya, lakini siwezi. Alimkaribisha Foibe kwa chai, akamvutia kiti, akampa pole za mgonjwa.

"Kulitoa gari ni rahisi sana, Mwalimu. Ulete cheti cha ubora wa gari tu."

"Kinapatikana wapi?"

"Kituo cha Ukaguzi, ng'ambo ya kilima. Ila ni lazima gari lifike kule kwa magurudumu yake."

"Basi nilichukue nilipeleke."

"Haliwezi kutoka hapa bila cheti."

Foibe akaweka kikombe chini. Alikuwa mwalimu, alizoea kusubiri mtoto alisikie kosa lake mwenyewe. Akasubiri. Bwana Kilimba naye akasubiri, akitabasamu.

"Utaratibu huu aliutunga nani?" Foibe akauliza mwishowe.

Bwana Kilimba akainamisha macho kwa haya. "Ni mimi," akasema. "Nilipewa tuzo."

Foibe akaruhusiwa walau kulitengeneza gari humo humo yadini. Fundi Hamduni akaja na mkoba wake, akaziba rejeta, akabadilisha maji, na mchana ule injini ikawaka. Kesho yake waliporudi, gari halikuwa na taa. Keshokutwa halikuwa na saitimira. Bwana Kilimba alisikitika kuliko wao. Alisema yadi inalindwa na walinzi sita, kwa hiyo mwizi lazima ni mtu mwenye kipaji.

Hamduni alizikuta taa sokoni, meza tatu kutoka gereji yake, zikiwa na namba ya gari iliyochongwa kwenye vioo vyake. Akamwita Foibe.

"Hizi ni zangu," Foibe akamwambia muuzaji.

"Ndiyo uzuri wake, mama," muuzaji akajibu bila hasira. "Zina namba yako kabisa. Hakuna mwingine wa kukuuzia za uhakika hivi."

Akazinunua. Wakazifunga. Baada ya siku mbili zilikuwa zimerudi sokoni. Mara ya tatu muuzaji alimpunguzia bei, akamwita mteja wa kudumu.

*

Kwa wiki nne Mzee Nikodemo alipelekwa hospitali kwa pikipiki ya kukodi, Foibe akikaa nyuma yake na kumshika kiunoni asianguke. Alifika mara nane kati ya kumi na mbili. Halafu miguu ikavimba, akawa hawezi kuipandisha kwenye pikipiki.

Jioni moja nilikwenda kuwajulia hali. Foibe alikuwa amekaa kwenye kigoda, anaiosha miguu ya mumewe katika beseni. Alipobonyeza kwa kidole gumba juu ya kifundo, nyama iliingia ndani na kuacha shimo, na shimo halikurudi.

Mzee Nikodemo akalitazama. "Kidhibiti mwendo," akasema.

Foibe hakucheka. Aliendelea kuosha.

"Mama Tuzo, achana na gari. Umeshahangaika vya kutosha. Nikae tu nyumbani."

"Nyamaza, Baba Tuzo."

"Nasema kweli. Sikukuoa ili uje ufie yadini."

"Nimekwambia nyamaza. Inua mguu wa pili."

Akainua kwa mikono yake miwili, kama mtu anayeinua kitu kisicho chake. Mimi niliaga, nikasahau hata kumaliza chai.

Asubuhi yake Foibe alikwenda yadini na bahasha yenye nakala ishirini za vyeti vyote alivyowahi kupewa maishani, hata kile cha ubatizo. Akakuta mahali pa gari ni peupe.

"Limepigwa mnada," alisema Bwana Kilimba, na sauti yake ilikuwa ya msibani. "Siku thelathini zilitimia juzi. Tangazo tulilibandika."

"Wapi? Nimekuja hapa kila siku!"

"Ukutani, ndani ya stoo. Stoo hufungwa kwa usalama wa matangazo."

"Amelinunua nani?"

"Serikali."

"Aliyeliuza ni nani?"

"Serikali. Walielewana vizuri sana, Mwalimu, ulikuwa mnada wa amani."

Foibe alikaa kwenye ukingo wa saruji mlangoni. Walinzi sita walimwangalia. Alikaa mpaka jua likamfikia miguuni, kisha akainuka, akajipangusa vumbi, akarudi nyumbani kwa miguu, kwa sababu hakuwa na haraka ya kufika na kumweleza.

*

Hakumweleza. Ijumaa ya wiki hiyo, alfajiri, kabla hajapata maneno, mwenyekiti wa mtaa alifika mlangoni anahema. Alisema Mheshimiwa Waziri anakuja kwenye zahanati yetu kuzindua huduma ya gari la wagonjwa, na kwamba anatakiwa mgonjwa wa kuzindulia, aliye mahututi kiasi lakini anayeweza kupunga mkono. Mtaa mzima ulikuwa umemtaja Mzee Nikodemo.

Saa mbili asubuhi tulikuwa uwanjani wote. Kulikuwa na turubai, viti vya waheshimiwa, kwaya, na kitu kirefu kilichofunikwa kwa kitambaa cha bendera. Walipokivua kitambaa, watu walipiga vigelegele. Lilikuwa gari dogo jeupe, lenye mstari mwekundu ubavuni na king'ora juu. Kioo chake cha mbele kilikuwa safi, hakina stika hata moja, kwa kuwa magari ya serikali hayalipi chochote.

Mzee Nikodemo alipolazwa nyuma, ambako kiti kimoja kilikuwa kimeng'olewa, alipitisha kiganja kwenye kiti kilichobaki. Kilikuwa na kiraka cha kahawia, kilichoshonwa kwa mkono, mishono midogo iliyokwenda sawasawa.

"Mama Tuzo," aliita kwa sauti ya chini. "Hiki ni changu."

Foibe akainama, akakiona. Akatazama usukani, gia, na mkwaruzo wa mlangoni, ambapo rangi ya kijivu ilichungulia chini ya nyeupe. Nilikuwa nimesimama karibu, nikamwona uso ukibadilika, nikaogopa kwamba atapiga kelele mbele ya Waziri. Alitazama saa yake. Ilikuwa saa mbili na dakika ishirini.

Wakampa kipaza sauti, aseme neno la shukrani kama familia ya kwanza kunufaika. Uwanja ukatulia. Waziri aliegemea mbele akitabasamu, na wapiga picha wakapiga magoti. Bwana Kilimba naye alikuwepo, kwenye safu ya tatu, amevaa tai.

"Nashukuru," alisema Foibe. "Tunaweza kwenda?"

Watu wakadhani ni mzaha wa mtu mwenye furaha, wakacheka, wakapiga makofi. Waziri akapokea kipaza sauti akasema kwamba mama huyu ameongea kwa niaba ya taifa zima, taifa linalotaka kwenda. Akaeleza taifa linakotoka, akaeleza linakopita, na hata saa tatu na robo lilikuwa bado halijafika. Mzee Nikodemo alikuwa amefumba macho. Kila jina la mheshimiwa lilipotajwa, mwenyekiti wa mtaa alimnyanyua mkono wake na kuupungisha.

Waziri alipokata utepe, Foibe alikimbilia mbele kwa dereva. Dereva Mwandamizi wa Dharura alikuwa ameketi kwenye usukani amevaa glavu nyeupe, na jasho linamtoka.

"Twende, baba!"

"Mama," akasema taratibu, ili wageni wasimsikie, "mimi niliomba kazi ya uhasibu. Gari la gia za mkono sijawahi kuligusa."

Foibe hakumlaumu. Alimfungulia mlango, akamsaidia kushuka, akaketi mahali pake na kuwasha. King'ora kililia chenyewe na hakikuzimika. Kwa mara ya kwanza tangu anunue gari hilo, aliiona barabara yote mbele yake, kutoka upande hadi upande, na watu wakimpisha. Baadaye aliniambia kwamba alitaka kufurahi, akatafuta nguvu za kufurahi, hakuzipata.

Walifika saa nne kasoro dakika sita. Mashine ilikuwa inafanya kazi. Mzee Nikodemo aliunganishwa, na yu hai mpaka leo ninapoandika, jambo ambalo Wizara imeliweka kwenye ripoti yake ukurasa wa kwanza, pamoja na picha ya mkono wake.

*

Tangu hapo huduma imeendelea vizuri. Foibe ndiye anayeendesha, bila mshahara, kwa kuwa nafasi ya dereva ina mtu. Fundi Hamduni anakuja kuangalia oili kila Jumapili, akijifanya ni mpita njia. Mafuta wananunua wenyewe, na wanapewa risiti ya kuonyesha kwamba ni ya bure.

Limebaki jambo moja dogo. Wizara imeleta karani wa kusimamia safari, mtu wa makamo mwenye koti lililopauka kwenye viwiko, aliyewekewa meza kando ya gari. Jumatatu iliyopita alimzuia Foibe asipande.

"Waraka mpya, mama. Gari la wagonjwa linapakia mgonjwa na mtumishi tu. Wewe si mtumishi."

"Nisipopanda nani ataendesha?"

"Hilo waraka haukugusia." Akafikiri kidogo, kisha akamsogezea fomu. "Labda uandikishwe mgonjwa."

Foibe akachukua kalamu. Akajaza jina, umri, mtaa. Kwenye mstari unaouliza *Unaumwa nini?* alisimama. Mzee Nikodemo alikuwa ameshalazwa nyuma, na injini ilikuwa inanguruma. Hatimaye akaandika neno moja, akairudisha.

Karani akasoma: *Nimechoka.*

Akagonga muhuri, akagonga tena kwenye nakala, akaipuliza wino ukauke. Kisha akatazama nyuma kama kuna anayesikia, akamwambia kwa sauti ya chini:

"Na mimi naumwa huo huo, mama. Ila mimi ndiye karani, sina wa kunijazia fomu."

Foibe akasimama, ameshika mlango wa gari. Halafu akarudi mezani, akaketi kwenye kiti cha wateja, akavuta fomu tupu kutoka kwenye lile bunda na kufungua kalamu.

"Jina lako nani, baba?" akamuuliza.